Kushuka Hadi Murang'a

Katika kazi ya kubeba mizigo ya wapanda mlima, sheria moja haikuwa na mjadala: mtu akianza kutapika, anashushwa. Hata kama kilele anakiona kwa macho yake. Unamvua mzigo, unamshika mkono, mnateremka. Mara nyingi, kabla hamjafika chini kwenye msitu wa mianzi, uso wake unapata damu tena na anauliza kama kuna chai. Niliwashusha wengi namna hiyo, na kila mara nilistaajabu jinsi mwili unavyosamehe haraka ukishaondolewa pale panapouumiza.

Kwa hiyo nilipoanza kutapika mwenyewe, nyumbani kwangu Naro Moru, miguuni pa mlima huo huo, nilisema ni mlima.

Wakati huo tayari nilikuwa na lupus. Ilianzia kwenye vidole: asubuhi moja nilishindwa kufunga kamba ya mzigo. Baadaye vikaja vipele vya uso na uchovu ambao usingizi hauupunguzi. Hospitalini Nyeri waliniambia kwamba kinga ya mwili wangu imenigeukia, kwamba nitameza vidonge maisha yangu yote, na kwamba ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake. Hilo la mwisho ningelificha, lakini lilinitoka mbele ya wenzangu. Kutapika kulipoanza, nalo asubuhi asubuhi, walikuwa wameshajitayarisha.

"Bwana, ugonjwa wa akina mama, halafu unatapika. Wewe sema tu ukweli, unajifungua lini?"

"Tumwambie bibi yako aanze kuchemsha njahi," akasema mwingine. Njahi ni yale maharagwe meusi ambayo kwetu hupikiwa mwanamke aliyetoka kuzaa.

Nilicheka nao. Kisha nikazunguka nyuma ya banda nikatapika uji wote.

Haikubaki kuwa ya asubuhi. Ilikuja baada ya viazi, baada ya githeri, baada ya maji matupu. Daktari wangu, mama kijana mwenye sauti ya chini, alinipitisha kwenye kila kipimo alichokuwa nacho. Waliniingiza mpira wenye kamera kooni. Wakapima damu, wakabadilisha vidonge, wakavisimamisha, wakavirudisha. Hawakuona kitu. Lililomtia hofu yeye si chakula. "Dawa nayo inatoka," aliniambia. "Ikiendelea kutoka, lupus itafika kwenye figo."

Ndipo nikajishusha.

Mke wangu alinitazama nikifunga nguo. "Huu mlima umekaa nao tangu uzaliwe," akasema. "Ati leo ndio umekukataa?"

"Mwili hubadilika."

"Na mimi na ng'ombe na shamba la viazi, tushuke pia?"

Nilimwambia ni kwa muda. Sitajifanya kwamba niliondoka kwa huzuni. Tangu ujana nimekuwa mtu wa kuhama kambi hadi kambi, na moyo wangu huwa mwepesi nikiwa na begi begani. Nilipanga chumba Gatitu, chini kidogo, karibu na Nyeri mjini, na siku za kwanza sikutapika. Nilikula mkate, ukakaa. Nikampigia simu mke wangu kama mtu aliyeshinda kesi. Akasema amefurahi, ila sauti yake haikufurahi.

Wiki iliyofuata ilirudi. Mtu mwingine angejiuliza maswali. Mimi nilijua la kufanya na mtu aliyeshushwa kidogo akaendelea kutapika: unamshusha zaidi. Nikaenda Murang'a kwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa huko kwenye migomba na miparachichi, ambako hata asubuhi mtu hahitaji sweta.

Dada alinipokea vizuri. Alinichemshia ndizi laini bila mafuta, akakaa mbele yangu akinitazama nikimeza, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Nilijitahidi. Sikufika hata chooni. Alinikuta nimeinama penye migomba, akanishika paji la uso hadi nikamaliza.

"Mtoto wa mama," akaniambia, "chini ya hapa kwangu ni mto tu. Unataka kuingia humo?"

"Nafikiria Pwani."

"Na huko Pwani ikikufuata? Utaingia kwenye meli?"

Nilikasirika, lakini swali lilibaki. Asubuhi, mawingu yakiwa bado hayajapanda, niliuona mlima kutoka uani kwa dada, mdogo na wa buluu, kitu cha watu wengine. Nilitamani baridi ya Naro Moru inayouma masikio. Nilitamani moshi wa kuni za mwerezi kwenye nguo za mke wangu. Nilikuwa nimezoea kuvikumbuka vitu hivyo nikiwa safarini, na kukumbuka kulikuwa na utamu wake. Sasa utamu haukuwepo. Nilikuwa nimejihamisha kutoka kwangu, na sikujua kama nitaruhusiwa kurudi.

Siku ya kliniki mke wangu alikuja Nyeri tukutane. Daktari alisoma majibu, akasema mkojo umeanza kuonyesha dalili kwamba figo zimeguswa. Kidogo, lakini zimeguswa. Nikamuuliza kama nishuke Pwani.

"Nani alikwambia ushuke?"

"Hakuna. Ndivyo tunavyofanya na watu wanaotapika."

Hakucheka. Alisema mlima humwangusha anayeupanda haraka, si mtu aliyezaliwa na kukulia miguuni pake. Alisema pengine ni lupus yenyewe iliyoingia tumboni, pengine ni kitu kingine, na kwamba kwa sasa hana jina la kunipa. Dawa tungeijaribu kwa sindano hadi tumbo litulie. "Lakini kuishi mbali na kwako," akasema, "hilo si dawa niliyokuandikia."

Nilitoka nje nikaketi kwenye benchi. Ningependa kusema nilifarijika. Kweli ni kwamba nililia, mtu mzima, mbele ya watu waliokuja na wagonjwa wao. Kama ungekuwa ugonjwa wa mahali fulani, ningeuhama; kuhama ndiyo kazi niliyoijua vizuri kuliko zote. Huu niliubeba popote nilipokwenda.

Mke wangu alinipa leso. "Ukimaliza," akasema, "twende nyumbani. Ukitapika, utatapikia kwako."

Hali ya figo imebaki pale pale tangu sindano zianze. Kutapika hakujaisha. Kuna siku njema, na kuna siku ninazoshinda na beseni kando ya kitanda. Mizigo sibebi tena. Ninasaidia kuchagua mbegu za viazi, nikiwa nimeketi kivulini, kwa sababu jua nalo hunichokoza. Jana niliinuka katikati ya kazi, nikaenda kwenye shimo la mbolea, nikatapika, nikasukutua kinywa. Nilipogeuka mke wangu alikuwa akiendelea kuchagua. Alisogeza gunia kidogo ili nipate pa kunyoosha miguu, akanisukumia rundo la viazi vidogo.

"Hivi ni vyako," akasema. "Vikubwa nimemaliza."