Vumbi la Sakafuni

Kwenye ghala la chakula cha mifugo walimwita Bibi Pumba, naye aliitika bila kinyongo, maana kila siku alirudi nyumbani na pumba hadi kwenye kope. Kazi yake ilikuwa kuchanganya kwa beleshi: pumba, mashudu, kisha unga wa madini ya ng'ombe, wenye chumvi na shaba. Jua likipenya dirishani, vumbi lilielea hewani, na Bibi Pumba, mikono ikiendelea na kazi, alijiendea zake. Alikuwa bingwa wa kuota macho wazi. Mara yuko utotoni, mara marehemu mumewe anamwita kutoka ndani ya lile vumbi, na yeye anatabasamu peke yake.

Kinachobaki sakafuni ni haki ya mchanganyaji. Ndiyo desturi ya ghala. Kila jioni alikifagia, akampelekea wifi yake, dada wa mumewe, ambaye hakuwa na mwingine duniani ila yeye na kondoo watano.

"Utanidekezea kondoo hawa, wifi."

"Waache wadeke. Sisi nani alitudekeza?"

Mwezi wa nne, kondoo mwenye pua nyeusi alijitenga na wenzake. Macho yakawa ya manjano, mkojo mweusi kama kahawa, na kesho yake akafa. Wifi alisema jirani kamtilia sumu, akakata salamu naye.

Daktari wa mifugo alimpasua kondoo, akalitazama ini, akauliza alilishwa nini, kisha akaja ghalani.

"Shaba hii ng'ombe anaimudu," alisema. "Kondoo haimfai. Inajikusanya kwenye ini kimyakimya, miezi na miezi, halafu siku moja inamwagika yote kwenye damu. Na unga wa madini ni mzito, bibi. Unashuka chini."

Chini, sakafuni. Bibi Pumba alilitazama fagio lake. Vumbi lilikuwa linang'aa vilevile, zuri ajabu, na ndani yake hakuna aliyemwita.

Angeweza kunyamaza. Lawama ilishapata mwenyewe, na wifi ndiye mtu pekee aliyebaki wa kumfungulia mlango. Ungefanya nini wewe? Jioni ile alikwenda mikono mitupu, akiogopa kama mtoto.

"Wifi, jirani hana kosa. Ni mimi, ni vile nilivyokuwa nakuletea. Usiwape tena hao wanne, na daktari atakuja kuwaangalia."

Wifi aliizungusha mkononi kamba ya yule kondoo iliyokuwa mapajani. Kisha akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.

"Wanne niliwapimia kikombe kimoja kimoja," alisema. "Yeye nilimpa viwili. Ndiye niliyempenda."