Waifai ya Dada

Watu wa nyumbani wanasema nina hasira za karibu. Sawa, ninazo, sikatai. Lakini siku ile hata mtu mpole kama maji ya mtungini angepandisha mori. Nitaeleza yote, halafu kila mtu aamue mwenyewe kama nilikosea.

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa anaolewa Dar es Salaam. Mama yuko Kilwa Masoko, kitandani, nyonga imevunjika tangu alipoteleza uani akitoka kutia udhu, na safari ya gari haiwezi hata kwa kubebwa. Juu ya nyonga kuna macho. Presha ya macho imeshalimaliza jicho la kushoto, na la kulia linaona kwa ukungu. Daktari alituambia bila kuzunguka kwamba hilo nalo linaondoka. Ukimpa mama simu aone picha ya mtu, anaona mwanga unatikisika, basi. Ila kitu kikubwa chenye mwanga, ukikisogeza karibu na uso wake, anakiona.

Alichotaka kilikuwa kimoja tu. Hakuuliza habari ya pilau wala ya ukumbi. Alitaka kumwona binti yake pale bwana harusi anapoingia chumbani kumpa mkono, baada ya nikahi kufungwa msikitini. Dada alimwona alipopewa mkono, mimi aliniona. Alisema huyu wa mwisho akimkosa, atakuwa amemkosa moja kwa moja, maana uso wake hatauona tena.

Kwa hiyo nikabeba kompyuta yangu kutoka Lindi, ninakofundisha. Kioo chake ni kikubwa na kina mwanga mkali. Shule hawakuniruhusu kuondoka mapema, nikasafiri siku ile ile ya harusi. Nilishuka Nangurukuru na jua la utosini, nikapata gari la Masoko, kompyuta nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Sikuwa na wasiwasi. Dada yangu mkubwa, anayekaa na mama, alikuwa amenihakikishia kwa simu kwamba waifai ya nyumbani iko moto, mimi nilete kompyuta tu.

Nilipofika nilimwamkia mama, nikamwamkia dada, nikamwamkia na jirani yetu, ambaye alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda anamnywesha mama uji. Jirani huyu ni mtu wa Pande, ila ameishi Masoko miaka mingi, na ukuta wa uani ndio unaotutenganisha. Tangu mama aanguke, anakuja asubuhi na jioni kusaidiana na dada kumgeuza, kumwosha na kumbadilisha nguo. Mwili wa mama anaujua kuliko mimi niliyetoka ndani yake.

Nikaiweka kompyuta juu ya kigoda kando ya kitanda, nikaiwasha, nikatafuta waifai. Ikaja orodha: ya nyumba ya wageni, ya duka la dawa, ya mtu aliyejiita mfalme wa mtaa. Yetu haimo. Mwisho kabisa kulikuwa na mstari mmoja unaosema mtandao uliofichwa, nikaupita. Nilidhani ni wa ofisi fulani wenye mambo yao ya siri. Nani mwingine ana haja ya kuficha waifai?

Nikazima, nikawasha. Haimo. Nikaangalia kama nimebonyeza kile kitufe chenye alama ya ndege, sikukibonyeza. Nikamuuliza dada rauta iko wapi. Akaguna. Nikaikuta chumbani kwake, juu ya kabati, imefunikwa kanga, taa zake zote zinawaka vizuri. Nikaichomoa kwenye umeme, nikasubiri, nikaichomeka tena. Nikarudi kwenye kompyuta. Mfalme wa mtaa yupo, sisi hatupo.

"Hiyo kompyuta yako mbovu," dada akasema. Alikuwa anapiga pasi nguo ambayo haina hata mkunjo.

Nikatoka barazani, maana ndani ya nyumba ile laini yangu haishiki, nikampigia mwalimu mwenzangu anayefundisha mambo ya kompyuta. Akaniambia nitazame hiki, nifute kile, nisogee karibu na rauta. Nikafanya yote. Nilisimama chumbani kwa dada na kompyuta imegusana na rauta, na bado haikuiona. Mwenzangu akauliza kama simu za pale nyumbani zinaingia. Nikaenda kuitazama simu ya dada. Alama ya waifai imejaa mpaka juu.

Hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka. Nikamuuliza, "Dada, mbona yako inaingia?" Akajibu bila kuinua macho kwamba siku hizi inasumbua sana, mara ipo, mara haipo. Juzi tu alinitumia video ya mama akila ndizi, tena ndefu. Inasumbua wapi? Nikamwambia basi anipe simu yake nione vizuri, akaichukua akaitia kifuani. Jirani akaniambia pole mwanangu, mitambo ndivyo ilivyo. Mama akauliza kama tayari. Nikamwambia bado kidogo. Akasema hasira hasara, akazigusa nywele zangu, na mimi nikataka kulia.

Adhana ya alasiri ikapita. Nikahi ilikuwa baada ya sala. Nilikaa sakafuni nikaanza tena kuanzia mwanzo, zima, washa, tafuta, na kila nilipokwama dada alitia neno: kompyuta za siku hizi za Kichina, ungeipeleka kwa fundi kwanza, wewe tangu utoto unaharibu vitu. Nilimeza. Ni mkubwa wangu, na mgonjwa yupo, na mgeni yupo. Lakini nilijiuliza, huyu ana nini? Mtu anayemuuguza mama kwa mapenzi yale, leo anakaa kama haimhusu.

Simu yake ikalia. Ni watu wa Dar. Nikahi imefungwa, wanaume wametoka msikitini, bwana harusi anakaribia nyumbani, sisi tuko wapi? Mama alisikia. Akajaribu kujiinua, nyonga ikamuuma, jirani akamlaza.

Dada akaweka pasi chini. Akanikonyeza nimfuate uani. Tulipofika jikoni akafunga mlango nyuma yetu.

"Waifai ipo," akaninong'oneza. "Jina lake ndilo nimeficha."

Nikamwambia sielewi. Akaeleza haraka haraka, anatazama ukuta wa jirani. Mwanzoni wajukuu wa jirani walipewa pasiwedi. Wakawa wanajaa barazani kwetu kila jioni na simu zao, na video za dada zikaanza kukwama. Kuwafukuza alishindwa. Akamwita fundi, fundi akabadilisha pasiwedi na kulificha jina, lisionekane kwa mtu yeyote asiyelijua. Simu yake imezoea, inaingia yenyewe, hata bando hanunui. Jirani alipouliza, akaambiwa waifai imekatwa.

Nikasema, "Na mimi umenitazama mchana kutwa nahangaika."

"Ningesemaje naye amekaa pale?"

"Si ungemwambia tangu mwanzo kwamba hutaki?"

"Mtu anayemwosha mama yako," akasema dada, "unamwambiaje hutaki?"

Naijua hiyo, nimekulia humo. Kwetu jirani hanyimwi kitu, kitu kinakwisha. Chumvi imekwisha, mkaa umekwisha, mchele ndiyo kwanza tunasubiri uje. Kila mtu anajua gunia liko nyuma ya mlango, na hakuna anayelisema. Hiyo ni adabu, sawa. Lakini mama yuko kule ndani anasubiri uso wa mwanawe kwa jicho linalokufa, na wewe unalinda uongo wa rauta! Nilimwambia mficha uchi hazai. Nilimwambia na mengine ambayo siyaandiki hapa, yote kwa kunong'ona, na kugomba kwa kunong'ona kunaumiza koo kuliko kupiga kelele.

Tulirudi ndani. Nikaufungua ule mstari wa mtandao uliofichwa, nikaandika jina nikilitazama kwenye simu ya dada. Ikataka pasiwedi. Dada akainama kuniambia sikioni. Nikaiandika, ikakataa. Nikamuuliza herufi ya kwanza kubwa au ndogo. Hajui, fundi aliandika mwenyewe. Nikajaribu kubwa, ikakataa. Tukawa tunanong'onezana pale kama wezi, na jirani ameketi hatua mbili kutoka kwetu, anampepea mama.

Simu ikalia tena. Dada akapokea, na kabla hajaiweka sikioni vigelegele vikajaa chumba kizima.

"Ameingia?" mama akauliza.

Nikaandika tena pasiwedi, ikakataa. Nikasikia kitanda kinalia. Jirani alikuwa amesimama. Akatoa simu yake kwenye pindo la kanga, akabonyeza mara mbili tatu, akaniambia, "Tazama sasa, mwanangu. Nimewasha yangu. Kuna bando kidogo la wajukuu la kusomea."

Ilitokea juu kabisa ya orodha, na haikutaka pasiwedi. Nikaingia. Nikapiga Dar, na uso wa mdogo wetu ukaja, mkubwa, na hina na dhahabu zake zote. Nikanyanyua kompyuta nikaisogeza mpaka pua ya mama ikakaribia kioo.

Bwana harusi alikuwa ameshatoka. Mkono ulikwisha kutolewa bila mama. Lakini alimwona binti yake. Alitazama kwa jicho lile moja, kisha akasema, "Amekonda." Mdogo wetu akacheka huku machozi yanaharibu wanja. Mama akamwambia amemridhia, duniani na akhera. Akawa ameanza kumsomea dua, mkono umegusa kioo, picha ikaganda, halafu ikaondoka. Bando limekwisha. Safari hii limekwisha kweli.

Mama aliendelea na dua yake mpaka amina, kioo kikiwa cheusi. Sijui kama aliona tofauti. Alipomaliza akatafuta mkono wa jirani kwa kupapasa, akasema, "Umenionyesha mwanangu, Mungu akuonyeshe wako."

Jirani alikunja kanga yake, akaaga. Dada alimsindikiza mpaka mlangoni, kama inavyotakiwa, na njia nzima anamlaumu fundi, kwamba waifai ilikuwa imekatwa, labda imerudi leo, hata yeye anashangaa. Nilikuwa nyuma yao. Jirani alimwacha amalize.

"Jina liacheni tu lilivyo, mwanangu," akasema kwa upole. "Wajukuu wangu wameshazoea kutoliona."

Akaingia kwake. Dada akanigeukia akasema, "Si amemwona lakini?" Nilimpita nikaingia ndani, maana ningefungua mdomo tungevunja undugu.

Jicho la mama limeshazimika sasa. Kila nikienda ananiuliza yule bwana alimpaje mdogo wangu mkono, na binti alikuwa ametazama chini au juu, na mimi nami sikuona. Jirani bado anakuja asubuhi na jioni kumgeuza. Na jina bado limefichwa. Nimemsihi dada alifunue, nimegomba naye, nimemnunia. Anasema akilifunua sasa, jirani atajua kwamba lilikuwepo.