Safu Kumi na Tisa za Mke Wangu

Mke wangu alifua mashuka ya hospitali miaka ishirini na sita. Mikono yake ilikuwa mipana, ngozi imechunwa na sabuni, na akikushika bega ulijua umeshikwa. Mimi ni fundi viatu. Shule sikupelekwa. Herufi alinifundisha yeye tulipooana, na mpaka leo nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Lakini kuhesabu najua. Fundi viatu asiyejua kuhesabu atamvalisha mteja mguu wa jirani.

Alipostaafu hakujua mikono aipeleke wapi. Akaanza kufuma kroshia. Baadaye hospitali ikatoa kompyuta zake kuukuu, naye akaja na moja, akaiweka juu ya meza ya kulia.

"Sasa tutakula wapi?" nikamuuliza.

"Una magoti mawili, mume wangu. Moja la sahani, moja la kikombe."

Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na jukwaa la wafumaji. Watu wasiojuana hata kwa sura wanaonyeshana kazi, wanasifiana, wanagombana kuhusu uzi. Huko kila mtu ana jina la kujipachika. Yeye alijiita Dobi. Mmoja akamwandikia kwamba jina hilo ni la kujishusha. Akamjibu kuwa anayelala kwenye shuka safi asimcheke aliyelifua. Jibu hilo alinisomea mara tatu kwa siku moja.

Binti yetu, wa pekee, alimwambia mara nyingi anunue simu nzuri.

"Mama, jukwaa utatembea nalo mkononi. Hilo dude limekula nusu ya sebule."

"Simu ni ya kusema nimefika salama. Kazi inataka meza."

Michoro ya jukwaani iliandikwa kwa alama mbili tu. Alama ya x ni kisanduku cha kujaza uzi, nukta ni tundu la kuacha wazi. Mstari mmoja ni safu moja ya kitambaa. Mke wangu aliweka rula juu ya kioo cha kompyuta, chini ya mstari anaoufuma. Akimaliza safu, rula inashuka.

"Unampima nani suruali humo?" nilikuwa nikimtania.

"Wewe. Lakini kiuno sikioni."

Sikumuuliza hata siku moja kwa nini hataki simu. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Binti aliposhika mimba ya kwanza, mke wangu alitunga mchoro wake mwenyewe. Blanketi la mtoto, majani makubwa yanayopanda, visanduku sitini kwa upana, safu tisini. Akauweka jukwaani ili na wengine waufume. Akaanza lake. Wakati huo ugonjwa ulikuwa tayari mwilini, sisi hatujui.

Alifuma safu arobaini na mbili mezani. Siku aliyoshindwa kukaa kwenye kiti alifunga uzi wa bluu pembeni mwa blanketi, alama ya mahali alipofika, akahamia kitandani. Kule hakuwa na kioo wala rula. Mchoro alisema anao kichwani. Dawa zilikuwa kali. Mara mbili aliniita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Lakini sindano ilikwenda. Alipotutoka blanketi lilikuwa na safu sitini na moja.

Baada ya arobaini binti alikuja, tumbo limeshajitokeza, akalikunjua.

"Baba, hiki ndicho kitu cha mwisho cha mkono wa mama. Nataka mwanangu afunikwe nacho. Nitafute mfumaji alimalizie?"

Nikasema, "Asiguse mtu. Nitamalizia mimi."

Akacheka, akalia. Lakini mimi nimeshika sindano tangu nikiwa na miaka kumi na moja. Ngozi ni ngumu kuliko uzi. Jirani yangu seremala alinionyesha kwa mkewe: "Njoo uone, mzee amekuwa bibi." Mkewe akamwambia angalau mzee anamaliza anachokianza. Kroshia yenyewe nilijifunza kwa mke huyo, wiki mbili.

Kilichobaki ni mchoro. Binti akaniwekea jukwaa kwenye simu yake ya zamani, akaniachia iwe yangu. Kwa kuwa alijua neno la siri la mama yake, lilifunguka kwa jina la Dobi. Kompyuta tukampa fundi, akaichinja kwa spea. Nilikubali mwenyewe. Niliona meza imerudi kuwa meza, nikaona ni vyema.

Nilivaa miwani nikahesabu mistari ya mchoro kwenye simu toka juu. Nilitaka kwanza nijue mke wangu aliachia wapi. Nikachukua mstari wa sitini na moja, nikaulinganisha na safu yake ya mwisho. Haikufanana. Nikapima ya sitini. Haikufanana. Nikapima nyingine tano. Hakuna.

Nilikaa na kitambaa kile magotini muda mrefu. Mchoro aliuandika akiwa mzima. Safu hizi alizifuma dawa zikiwa kichwani, akiniita kwa jina la marehemu. Mimi sikusoma, na mtu ambaye hakusoma huamini kilichoandikwa kuliko anachokiona. Nikasema, maskini, akili ilishamtoka nami sikujua. Safu za mezani, za chini ya uzi wa bluu, sikuzipima hata moja. Hizo nilijua ni nzima. Zile za kitandani nikaona ni aibu nitakayomfichia mke wangu.

Nikafumua safu kumi na tisa. Ukivuta, uzi unatoka wenyewe.

Nikaanza upya kufuata simu. Mistari yake ilikuwa ya ajabu. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nikafikiri ndivyo wajuzi wafanyavyo. Ule mfupi nikawa nafuma nikifika katikati nageuka. Baada ya siku nane blanketi lilikuwa limekwenda upande kama kisigino cha mlevi, na jani halikuonekana popote.

Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Kwa sababu sasa hata mchoro niliona una kasoro. Basi alikuwa mgonjwa tangu mezani. Tangu siku za utani wa suruali. Nilikuwa nimekaa naye chumba kimoja, sahani gotini, na sikuona.

Nikaandika jukwaani, herufi moja moja, ilinichukua asubuhi nzima: "Mchoro wa majani una makosa. Msiufuate."

Simu ikaanza kulia mlio juu ya mlio.

"Dobi! Si tuliambiwa umetutoka?"

"Jamani, nani anachezea jina la marehemu?"

Nikaandika: "Ni mume wake."

Pole zikaja nyingi. Na baada ya pole akaja mmoja anayejiita Kibanio.

"Pole sana, babu. Mimi nimeufuma mchoro huo mpaka mwisho, hauna kosa. Unausoma kwa simu au kwa kompyuta?"

"Simu."

"Ndiyo maana. Kioo cha simu ni chembamba. Mstari wa visanduku sitini hauenei, unakatika, mkia wake unashuka chini. Wewe unaona mistari miwili, kumbe ni mmoja."

Wengine wakaingia. Mmoja akasema niilaze simu ubavu, mistari itaenea. Mwingine akasema simu yake kubwa haina shida hiyo, watu wanunue simu za maana. Mwingine akamjibu kwamba kufuma kwa simu ni kama kunyoa ndevu kwa shoka. Wakaanza kubishana kama ilivyo desturi yao, simu, kompyuta, simu, mpaka wakanisahau. Niliilaza simu ubavu. Mistari ilirefuka, lakini visanduku sita bado vilianguka chini.

Kibanio akaandika tena. "Babu, ulikuwa hujafumua chochote chake, natumaini?"

Niliizima simu.

Kesho yake nilikwenda duka la kuchapa karibu na kituo cha polisi. Mwenye duka ni mama mmoja mnene anayevaa miwani miwili, ya macho na ya kichwani.

"Karibu mzee. Unachapa wasifu wa kazi?"

"Kazi ninayo. Nataka kioo kikubwa tu."

Akafungua jukwaa. Akasogeza kiti. Mchoro ulipotokea nilishika ukingo wa meza yake. Huhitaji hata kuhesabu. Majani yalikuwa yanapanda kioo kizima, safi, kila jani na mshipa wake.

Kwenye simu ile kulikuwa na picha. Binti aliipiga wiki ya mwisho: mama yake amekaa kitandani, blanketi gotini, anamkasirikia mpiga picha. Niliikuza mpaka ukaonekana uzi tu. Yule mama akaishika simu kando ya kioo, akaanza kuhesabu kwa kalamu. Alihesabu safu zote zilizoonekana.

"Huyu hakukosea hata tundu moja, mzee. Alikuwa anasoma wapi?"

"Kichwani," nikasema. "Alikuwa mgonjwa kitandani."

Nikamwambia nilichofanya. Akavua miwani ya macho.

"Sasa? Kaa hapa uzifume upya. Uzi ni uleule. Nani atajua?"

Nilikaa. Siku tisa nilikwenda pale na kikapu, nikaazima rula yake. Wateja walinichungulia. Mmoja aliuliza kama duka sasa linashona, mama akamwambia linashona midomo. Nilifumua upuuzi wangu wote, nikazirudisha safu zile kumi na tisa, tundu kwa tundu. Zikatoka sawa. Nikaandika jukwaani: "Mchoro ni sahihi. Kosa lilikuwa langu. Ufuateni, lakini kwa kioo kikubwa."

Jumanne binti alikuja. Nililitandaza mezani, na kweli lilipendeza. Alipitisha kiganja taratibu toka chini, akafika kwenye uzi wa bluu, akapanda juu yake.

"Hapa alikuwa kitandani," akasema. Akainama akaweka shavu pale. "Hapa ndipo alipokuwa akiumwa sana, baba. Na bado alifuma."

Ningenyamaza. Nilikuwa nimeshajiandaa kunyamaza. Lakini shavu lake lilikuwa juu ya uzi wangu.

"Hizo ni zangu, mwanangu."

"Zako vipi?"

Nikamweleza. Simu, mistari, kufumua. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Mwanzo hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Ulivuta uzi? Ukaona unatoka, ukaendelea kuvuta?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu ulidhani mama amechanganyikiwa."

"Ndiyo."

"Ungenipigia, baba! Simu si nilikupa mimi? Ungenipigia!"

Simu ile nilikuwa nikiishika kutwa nzima na haikunijia kuitumia kwa kazi yake.

Alichukua mkoba. Mlangoni alisimama, mkono juu ya tumbo, akaondoka. Blanketi hakulichukua. Chai niliyommiminia niliimwaga.

Jana mchana akapiga.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Muongo." Nilisikia anavuta kamasi. "Kwa hiyo zake zilizobaki ni ngapi?"

"Arobaini na mbili. Hizo sikuzigusa hata moja. Naapa."

"Utaweza kunionyesha? Kwa kidole? Nisije nikakosea tena nikalia kwenye zako."

"Nitaweza. Mkono wake ulikaza uzi. Wangu umelegea kidogo."

"Nitakuja Jumamosi. Tutaliangalia pamoja. Usiguse kitu, baba. Unasikia? Usimalizie, usirekebishe, usifumue."

"Nimesikia, mama."

Akakata bila kuaga, jambo ambalo halifanyi.

Leo ni Alhamisi. Zimebaki safu ishirini na tisa za mchoro. Sijui kama atataka niziendeleze, au atalichukua vile lilivyo, au atamtafuta mfumaji wa kweli. Ni haki yake. Blanketi nimelifunika kwa shuka safi, na sindano nimempelekea jirani seremala anishikie, maana mikono yangu naijua.