Mistari Miwili ya Ardis

Ardis Tollefson alikuwa mpishi katika bwalo la chuo chetu, huko Wisconsin, Marekani, na wafanyakazi waliruhusiwa kusoma somo moja kila muhula bila karo. Wenzake walichagua kompyuta. Yeye, na miaka yake hamsini na minane, alichagua darasa la ushairi, akawa anakuja kila Alhamisi mchana, aproni imekunjwa ndani ya mkoba, akitugawia biskuti zilizobaki jikoni. Sisi wengine tulikuwa watoto wa miaka ishirini tuliojua kila kitu. Mimi, Emmett, ndiye niliyekuwa kinara wa wajuaji.

Darasa lilikuwa na sheria moja. Mwenye shairi analisoma kwa sauti, kisha ananyamaza huku sisi tukilijadili kana kwamba hayupo. Hajibu, haelezi. Mwishoni anasema asante, basi. Profesa Pruitt, mwalimu wetu, alisema mwandishi hawezi kupita nyumba hadi nyumba akilitetea shairi lake. Niliipenda sana sheria ile siku ambazo shairi halikuwa langu.

Kwa wiki saba Ardis hakuleta kitu.

"Vipi, Bi Ardis, leo tena tutakula biskuti tu?" nikamtania.

"We mtoto, kula unyamaze. Bado linachemka."

Wiki ya nane akatugawia karatasi. Lilikuwa shairi la mama yake akimenya viazi, ganda likishuka refu bila kukatika mpaka ndani ya beseni. Lilikuwa zuri, nami niliona wivu. Likaishia hivi:

*Saa yake ya mwisho sikukupigia simu.*
*Nilitaka kuwa naye peke yangu.*

"Hii mistari miwili inaharibu," nikasema. "Inaeleza mno. Halafu huyu anayeambiwa ni nani? Aishie kwenye ganda."

"Kweli," akadakia Tess, rafiki yangu. "Ganda limeshasema yote."

Profesa akaitikia kwa kichwa. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wetu. Shairi lolote lililothubutu kusema jambo lake waziwazi tulilikata mkia, likabaki na picha, tukajiona mabingwa. Ardis alifungua kinywa, akaikumbuka sheria, akakifunga. Nikapiga mstari mwekundu juu ya maneno yale, nikamrudishia karatasi.

"Asante," akasema.

Muhula ulipokwisha tulisoma mashairi yetu maktabani, Jumamosi mchana, mbele ya ndugu na jamaa. Nilimkuta Ardis karibu na birika la kahawa.

"Unamwona yule mwenye koti la kijani, safu ya tatu?" akaniambia. "Mdogo wangu, Lavonne. Tangu tumzike mama, huu mwaka wa nne, hatusemeshani. Nilimwandikia kwamba nina neno la kumwambia ndani ya shairi. Ameendesha gari kwa saa mbili."

Sasa nikajua anayeambiwa ni nani. "Utasoma lipi, Bi Ardis?"

"Lile mlilonitengenezea. Si nyie ndio mnaojua?"

Hakusema kwa kejeli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilitaka kumwambia arudishe mistari yake, lakini jina lake likaitwa, nami nikabaki nimeshika kikombe.

Akasoma akiwa ameshika karatasi ileile. Kutoka safu ya mbele, nilikokwenda kuketi, niliuona wino wangu mwekundu ukipenya upande wa pili. Akafika kwenye ganda, akanyamaza. Watu wakaguna kwa kuridhika, wakapiga makofi. Lavonne hakupiga. Alitoa funguo za gari mfukoni, akasimama.

Ardis hakuondoka pale mbele.

"Kuna mistari miwili ilifutwa," akasema. "Darasani mwenye shairi haongei. Hapa naona sijakatazwa."

Makofi yakafa. Profesa Pruitt akainamisha kichwa. Ardis akaikunja karatasi, akamtazama mdogo wake.

"Saa yake ya mwisho sikukupigia simu. Nilitaka kuwa naye peke yangu."

Niliona aibu kiasi cha kutamani ardhi inimeze. Waliosema mwenye kovu usidhani kapoa hawakukosea, na mimi nilikuwa nimelikagua kovu la mtu na kulisahihisha kwa wino mwekundu.

Lavonne alisimama palepale, funguo mkononi.

"Nilijua, Ardis," akasema. "Nesi aliniambia siku ya mazishi."

"Ulijua? Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Kisha akavua koti lake la kijani, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, akaketi.