Picha ya Mama Imeanikwa Juani

Jamani, leo nimelia mbele ya kamba ya nguo.

Mwaka 1975, hapa Busunzu, Baba alimpiga Mama picha akipalilia maharage.
Mama alikuwa hataki kabisa kupigwa picha, kwa hiyo Baba alisimama ng'ambo ya bonde na kamera yake ya lenzi ndefu.
Mama akafariki kabla mkanda wa filamu haujaisha. Baba hakuigusa tena kamera ile.
Hatuna picha yake nyingine.

Leo nimekuja kuuchukua mkanda ukasafishwe mjini.
Nakuta unaning'inia juani, katikati ya mablanketi!

Mama Mkubwa, dada yake Mama, akasema, "Mkanda ulikuwa unanuka sanduku, mwanangu. Nimeuanika ili mdogo wangu atoke vizuri."

Mkanda ambao haujasafishwa haupaswi kuona mwanga; picha zote zimeungua.

"Sasa tutamwona lini?" akaniuliza, hajui kilichotokea.

Nimemjibu, "Kesho."
Nyie mngemwambiaje?