Salamu Zilizofunika Kete

"Nyimbo za unga hazirekodiwi hapa." Maneno hayo Tsuma aliyaandika kwa rangi nyeusi juu ya mlango wa kibanda chake pale Kona ya Musa, Ukunda, na kwa muda mrefu aliyasimamia. Mteja alipokuja na kaseti tupu akitaka ajaziwe nyimbo, Tsuma alisikiliza kwanza kila wimbo asioujua, tangu mwanzo hadi mwisho. Akisikia msanii anausifu unga, ile dawa ya kulevya, alizima redio yake ya deki mbili na kumrudishia mteja kaseti yake.

"Huu katafute kwingine," alisema. Hakumtukana mtu, na hakubadili neno.

Alikuwa Mduruma wa upande wa Mackinnon Road, nchi ya mbuzi na vumbi jekundu. Baba yake alipofariki, mama yake, Mbodze, alimkabidhi Tsuma mdogo wake wa pekee, Matano, na kumwambia, "Nenda naye pwani. Akila, ale kwako. Akipotea, nitakuuliza wewe." Tsuma alimleta Ukunda, akamtafutia kazi ya bustani katika hoteli moja ya Diani. Wakakaa chumba kimoja, na kila mwisho wa mwezi wakampelekea mama sukari na kanga.

Kilichompa Tsuma jina ni salamu. Katikati ya wimbo na wimbo alifungua maikrofoni na kusema kwa ile sauti yake nzito, "Salamu zimwendee Mwanasiti wa Mwabungo, mama wa mandazi moto, pamoja na wote wamfahamuo." Watu walizipenda kaseti zake kwa ajili hiyo. Lakini hakumsalimu mtu asiyemjua, wala mwizi, wala mtu wa kuchongea wenzake. Kwa hiyo aliyetajwa na Tsuma alihesabiwa kuwa mtu wa watu. Kina mama waliokuwa na mabinti wa kuoza walilijua hilo, na wenye maduka walilijua. Wengine pia walilijua, kama tutakavyoona.

Mwaka wa 1998 ulikuta hoteli nyingi hazina wageni. Ghasia za mwaka uliotangulia zilikuwa zimewafukuza, na wafanyakazi walirudishwa nyumbani makundi kwa makundi. Matano alikuwa mmoja wao. Vijana walishinda barazani bila kazi. Ndipo ukafika kutoka Mombasa wimbo mmoja wenye ngoma nzuri mno, na kiitikio chake kilisema, "Nipe kete, niache nipae." Kete ni kile kikaratasi kidogo cha unga, cha kumtosha mtu kwa mara moja. Watoto wa chekechea waliuimba njiani wakienda shule.

Chifu aliitisha baraza. Imamu alisimama, akafuatiwa na Milcah, mama aliyetoka bara, aliyefua mashuka hotelini na kuongoza kina mama wa kanisa. Watu walimwita Mama Linet. Ilikuwa nadra kuwaona wawili hao upande mmoja, na siku hiyo walikuwa upande mmoja.

"Nyimbo hizi zinawaita watoto wetu kaburini!" alisema Milcah.

Kijana mmoja wa ufuoni, Duncan, aliyezaliwa Nakuru na kukulia Ukunda, aliinuka huku akicheka. "Mama Linet, si wazee hapa huimba nyimbo za mnazi kwa harusi? Mbona hamjawai kataza hizo ngoma? Wimbo ni wimbo tu, mathe."

Watu wakacheka, na wazee kadhaa wakatazama chini. Duncan alikuwa amegusa penye ukweli, kwa maana wazee wengi waliokuwa pale walikuwa na harufu ya pombe ya mnazi. Lakini uovu wa mzee haumtakasi kijana, na Milcah alimjibu vilevile.

"Mnazi nao una siku yake ya kusemwa. Leo tunasema la leo. Mtazameni Tsuma! Kijana maskini, na amekataa. Anayetaka kunijibu, anijibu huku akimtazama huyo."

Tsuma aliona haya. Baada ya baraza wateja walipungua. Kibanda cha jirani kiliurekodi wimbo ule kutwa nzima, na foleni yake ilifika hadi kwake na kumzibia mlango.

Hapo ndipo alipopata wazo lake. Ataurekodi wimbo, lakini kila kiitikio kikifika kwenye neno "kete", atateremsha sauti ya muziki na kulifunika neno hilo kwa salamu zake. Ngoma itabaki na sumu itatoka. Alijaribu, akaona limekaa vizuri: "Nipe..." kisha sauti ya Tsuma, "Salamu kwa Mwanasiti wa Mwabungo!" kisha "...niache nipae." Alicheka peke yake kibandani.

Milcah alipopita, alimsikilizisha. Mama yule alisimama na kapu lake la nguo, hakutabasamu.

"Kwa hiyo umeuuza wimbo wote, ukabakisha neno moja."

"Neno halimo, Mama Linet. Sikiliza tena."

"Halimo kwako. Hao watoto wanalijua. Wewe umewawekea alama tu ya mahali lilipo." Alisoma maandishi ya juu ya mlango. "Basi hayo yafute, Tsuma. Usiseme uongo kwa rangi."

Hakuyafuta. Alijiambia kwamba watu wa dini hawaridhiki, na maneno hayo ni mepesi kwa kila anayetaka kufanya alilokwisha kuamua.

Kaseti zilitoka kwa wingi, zikachezwa kwenye matatu, kwa vinyozi, hadi Msambweni. Kisha likaanza jambo ambalo Tsuma hakulitilia maanani. Vijana walikuwa hawazitaki tena salamu za kati ya wimbo na wimbo.

"Buda, usiniweke hapo mwanzo," Duncan alimwambia. "Niweke pale. Pale kwa shimo, ulipofunika neno."

"Kuna tofauti gani?"

"We niweke tu. Si unanijua?"

Tsuma alimjua, akamweka. Akawaweka wengine, vijana aliowafahamu kwa majina na kwa majina ya mama zao. Siku moja Matano naye alikuja na kuegemea mlango. Kulikuwa na joto la kuchemsha maji, lakini alivaa shati la mikono mirefu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula. Kaka, wenzangu wote umewataja. Mimi ndugu yako hunitaji?"

Tsuma alicheka. "Hata wewe wataka umaarufu?"

"Pale kwenye kiitikio. Mara moja tu."

Akafungua maikrofoni mbele yake, akasema kwa mapenzi, "Salamu kwa Matano, mdogo wangu, damu yangu!" Matano alitikisa kichwa polepole huku akijikuna shingo. Alikuwa amekonda, lakini mtu asiye na kazi hukonda, na Tsuma hakuuliza.

Baada ya hapo vitu vikaanza kupotea chumbani: vijiko kwanza, kisha pasi, kisha blanketi la marehemu baba yao. Matano alisinzia akiwa na tonge mkononi. Na wale vijana wa kwenye kiitikio wakaanza kuanguka. Mmoja alikutwa amekufa katika jengo la hoteli lisilokwisha kujengwa, upande wa Galu. Mwingine alimvunjia mama yake sanduku akatoroka. Kaseti ikipita kwenye gari, Tsuma aliisikia sauti yake mwenyewe ikimsalimu mtu aliyekwisha kuzikwa.

Alimkamata Duncan nyuma ya soko, akamshika ukosi. Duncan alikuwa mwepesi kama fimbo.

"Niambie. Kwa nini mlitaka pale?"

"Hujui, buda? Kweli hujui?" Macho yake yalikuwa yakijifumba yenyewe. "Jamaa anayeuza unga Galu anaogopa polisi. Hauzii mtu asiyemjua. Lakini akisikia umetajwa na Tsuma pale kwa shimo, anajua unataka kete, anakuuzia bila swali. Anasema Tsuma hataji mtu wa kuchongea."

Tsuma akamwachia.

"Na Matano?"

"Matano alikuwa akifukuzwa kila siku, anaomba kwetu kidogo kidogo. Mpaka ulipomwita damu yako."

Alikimbia nyumbani, akakuta mlango uko wazi na chumba kitupu. Siku iliyofuata alizivunja kaseti zote alizokuwa nazo na kwenda kutoka kinyozi hadi kinyozi akiomba arudishiwe nyingine. Walimcheka. Kaseti zake zilikwisha kunakiliwa, na nakala zikanakiliwa. Milcah aliiacha kazi yake na kumtafuta Matano pamoja naye, na hakumkumbusha lolote. Ni Milcah aliyemwona kwanza, katika jengo lilelile la Galu. Kijana alikuwa ameketi akiegemea ukuta, mkono mmoja wa shati umekunjwa. Alikuwa amekufa.

Walimsafirisha hadi Mackinnon Road wakamzika kando ya baba yake. Watu walikuwa bado wameketi kwenye mikeka pale lori moja la wapita njia lilipoegeshwa barabarani, dereva akashuka kununua maji na kuacha kaseti ikicheza. Wimbo ule ukafika uani. "Nipe..." Na ile sauti nzito, yenye furaha, ikasema, "Salamu kwa Matano, mdogo wangu, damu yangu!"

Mbodze aliinua kichwa.

"Ni wewe huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Unamsalimu nani hapo?"

Tsuma akamweleza jinsi salamu hiyo ilivyomfungulia Matano mlango wa muuza unga. Lori likaondoka na wimbo wake kuelekea Mombasa. Mama hakuuliza tena, wala hakumsemesha mwanawe hadi alipofariki mwaka uliofuata.

Tsuma aliuza redio na kurudi kuchunga mbuzi. Sheria yake aliivunja kwa wimbo mmoja, akidhani amelitoa neno lenye sumu. Ilimgharimu ndugu yake wa pekee, na salamu ya mama yake.