Kambi Niliyoificha Vizuri Mno

Alhamdulillahi, Mungu alinitoa salama katika vita, ingawa naona akili yangu ilibaki porini.

Juzi vijana wa msikiti wetu, hapa Kindu, waliniomba nichague mahali pa kupiga hema, kwa kuwa miaka ya vita nililala sana msituni. Nikajivuna. Nikachagua kichaka kizito, mbali na njia, nikakataza moto.

Mchana, njaa ikituuma, tukasikia akina mama waliotuletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, wakituita. Nami, bila kufikiri, nikaamuru wote walale chini, wanyamaze. Akina mama wakapita, wakarudi, wakapita tena.

Mwisho majani yakafunguka. Mke wangu akanikuta nimelala kifudifudi.

"Mzee, vita iliisha! Sasa unakimbia sombe?"

Ewe msomaji, Mungu akujalie amani, nayo iufikie hata mwili wako.